Matundu Matano

Fundi wa kofia hulowesha kidole gumba kwa mate kila anapoanza kazi, na Bi Qiao, muuza tambi wa mkabala naye, zamani alikuwa akimcheka kwa hilo. Siku hizi hamcheki. Tangu wakomunisti na serikali waache kuuana ili wampige Mjapani, askari wa wakomunisti huja kutwa kufumuliwa nyota nyekundu za kofia zao na kushonewa jua jeupe la serikali, wengine machozi yakiwalengalenga. Fundi huifumua nyota polepole, kisha husugua kitambaa kwa kile kidole chenye mate mpaka matundu ya sindano yazibe.

“Mzee, unasugua kofia au sufuria?” askari mmoja alimtania asubuhi hii. “Si hilo jua litapafunika?”

“Matundu yanaonekana,” fundi akasema kwa sauti ndogo.

“Aone nani? Nani huyo atainua kofia yangu juani ayatafute?”

Fundi aliinama, uzi ukamponyoka. Bi Qiao naye akakodolea macho sufuria yake. Miaka miwili nyuma, maofisa wa serikali waliwaleta hapohapo vijana tisa waliong'oa nyota zao na kudai ni wakulima tu. Fundi akaziinua kofia juani moja baada ya nyingine, akawaonyesha matundu matano, moja kwa kila pembe ya nyota. Vijana wakapelekwa nyuma ya ukuta. Maofisa walirudi na njaa, na Bi Qiao akawapakulia tambi, akawaongezea na pilipili.