Pingili Sita Katika Yai la Nyantende

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya biolojia, hapa Bukavu, sikupewa hadubini. Nilipewa kikapu, nikatumwa kijijini Nyantende kununua mayai. Nilinuna, maana diploma yangu ilikuwa bado inanukia wino. Chef de travaux, msimamizi wa mazoezi ya wanafunzi, aliniambia bila kuinua macho kwamba kuku wa mayai ya dukani hawajui jogoo. Hayatoi kifaranga hata uyaombee.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaweka yai ndani ya couveuse, sanduku la umeme lenye joto la kuku anayeatamia, unaandika saa kwenye rejesta. Muda ukitimia unakata dirisha dogo kwenye ganda na kuingiza tone la wino mweusi chini ya kiinitete, yaani mnyama anayeanza kuumbika, ili aonekane vizuri. Ninyi vijana mna kamera. Sisi tulikuwa na mkasi na kubana pumzi.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kosa moja lilitosha kukurudisha nyumbani, na kwetu Nyangezi wadogo zangu walikula kwa mshahara wangu. Basi Jumanne moja, Chef akiwa safarini Kalehe, umeme ukakatika asubuhi, ukarudi alasiri. Mayai yakapoa. Muda ulipotimia, kwa hofu nikaandika kwenye rejesta: saa thelathini na sita, umeme haukukatika.

Jumatano Chef alifungua yai la kwanza, akaangalia kwa muda mrefu.

“Mademoiselle, courant haikukatika?”

“Hapana, Chef.”

“Kuja uhesabu.”

Mgongoni mwa kile kiumbe, kifupi kuliko punje ya mchele, kulikuwa na vipande vidogo vilivyopangana viwili viwili kama pingili za muwa. Nilihesabu jozi sita.

“Ingekuwa dix, kumi,” alisema. “Kila jozi inaomba saa moja na nusu. Couveuse ilikufa masaa sita. Ni vile?”

“Ni vile, Chef. Unisamehe.”

“Si mimi minakushitaki. Ni huyu mutoto wa kuku. Andika ukweli, kisha ikala hapa, uangalie.”

Nilifuta uongo wangu, nikaliweka yai chini ya taa ya joto, nikakaa. Nyuma ya jozi ya sita nyama ilikuwa laini, haina alama. Kisha ukaja mkunjo mwembamba, kulia na kushoto kwa pamoja, na jozi ya saba ikajitenga. Hakuna aliyeigusa. Nilijua kwamba katika pingili hizo hutoka mifupa ya uti wa mgongo, mbavu na nyama ya mgongo, na kwamba tumboni mwa mama nami nilikatwa hivyo hivyo. Nilishikwa na woga mtamu ambao kanisani sijaupata.

Miezi ya majaribio ikaisha, nikabakizwa bila maelezo. Wakuu wengi walipita baada ya Chef, na nimefungua mayai yasiyo na idadi. Sijawahi kuuzoea ule mkunjo.

Mwaka jana, nikifuatilia karatasi za kustaafu, karani alinifungulia faili langu. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya Chef kuhusu majaribio yangu, kwa mwandiko wake:

“Alidanganya mara moja. Jioni nilimkuta bado anaangalia yai, analia, amefika jozi ya kumi na moja. Abakizwe.”