Vidole Viwili vya Babu

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha hunirudisha kwetu Chaani, Mombasa, popote nilipo. Kila Ijumaa baada ya sala Babu yangu aliipaka zumari yake mafuta hayo, akaifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akakilowesha kwa mate kile kijani cha ukuti kinachotiwa mdomoni. Nyumba nzima ilinuka zumari. Mama, ambaye hakuzaliwa katika nyumba ya wapigaji, alilalamika kwamba hata wali wake ulikuwa na ladha ya ngoma.

Nitakusimulieni habari ya Jumamosi moja, nilipokuwa na miaka minane. Wakati huo Babu alikuwa hapulizi tena. Kifua kilikuwa kimemwangusha, na mtu aliyejaza harusi za watu kwa pumzi yake sasa hakuweza kumaliza maneno matano bila kupumzika katikati. Zumari, kama hujui, haitakiwi kukatika. Mpigaji hujaza mashavu, akapuliza kwa mdomo huku anavuta hewa kwa pua, sauti ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa wimbo. Akishindwa husemwa amekata pumzi, na kwa Babu hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo.

Baba yangu alikuwa akikata. Alipofanya mazoezi uani, Babu alikaa kitini, mkono juu ya goti, na kila pumzi ilipokatika aliinua kidole, akakirudisha. Hakukosea hata mara moja. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Wimbo ukiisha Baba alinigeukia: "Vingapi, Mishi?" Ilinichekesha kumwona mtu mzima mwenye ndevu akinisubiri mimi nimpe alama.

Kisha Baba akaleta gitaa. Jirani yetu Okelo, aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, alilipiga vizuri sana, naye Baba akamtia kwenye bendi ambayo Babu ndiye aliyeianzisha.

"Gitaa," Babu alisema, "ni la kumfichia mtu asiye na pumzi."

Tangu siku hiyo, karibu mwaka mzima, mazoezi yalipoanza aliingia chumbani na kufunga mlango. Yeye na Baba waliongea habari za dawa, za mvua, za paa linalovuja. Za muziki, kimya. Baba alikonda kwa kimya kile kuliko Babu alivyokonda kwa ugonjwa.

Basi redio ikawaita. Kulikuwa na kipindi cha Jumamosi alasiri kilichochanganya kila namna ya muziki wa asili: ngoma za Wagiriama, nyatiti za Waluo, taarabu kongwe, hata nyimbo za watu wa Mali, ambazo Nyanya alisema zimeimbwa na watu walioshinda na njaa. Sasa waliitaka bendi yetu studioni, wapige moja kwa moja, Mombasa nzima isikie.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Baba aliandika nambari ya kituo ukutani kwa kalamu.

"Tukimaliza wimbo wa kwanza watapokea simu," aliniambia. "Chukua simu ya Nyanya, upige. Niambie Babu amesemaje."

"Na asiposema kitu?"

"Niambie vidole." Alisema hivyo akitazama pembeni.

Mama alikuwa zamu, uwanja wa ndege. Nyanya alikuwa ndani anasali alasiri, na nyuradi za Nyanya, zile dua za baada ya sala, zilikuwa ndefu. Niliwasha redio sebuleni. Sikuthubutu kumwita Babu. Alikuja mwenyewe, akishika ukuta, akakaa kitini pake na kuweka mkono juu ya goti. Nilifurahi mpaka nikahisi machozi.

Zumari ilianza peke yake, gitaa likafuata. Kidole kimoja kikainuka. Baada ya muda kikainuka cha pili. Kisha mkono ukatulia. Ngoma zikapanda, nami nikaukazia macho ule mkono, nikiuomba usiinuke, nao haukuinuka. Babu alikuwa amefumba macho, kidevu kifuani, alivyokaa siku zote akisikiliza jambo lililompendeza. Wimbo ukaisha.

Nikapiga. Mtangazaji akauliza nani mwenzetu, nikamwambia ni Mishi wa Chaani na ninamtaka Baba. Walicheka studioni. Vile vidole viwili nilivimeza, maana niliona si haki kuvitaja mbele za watu.

"Baba," nikasema, "Babu amekuja kusikiliza. Amesema hukukata pumzi."

"Amesema hivyo?"

"Naam."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwambie ahsante," alisema, na wakaanza wimbo wa pili.

Nyanya alipotoka na tasbihi yake, wimbo ulikuwa katikati. Alimtazama Babu, akamshika mkono, akaendelea kuushika.

"Mishi, zima redio."

"Baba bado anapiga, Nyanya."

"Zima, mwanangu. Babu yako hatunaye."

Chaani haikukosa la kusema. Mtoto kapiga zumari babake ni maiti, walisema, tena kapiga kwa furaha. Tulimzika Babu kesho yake, na Baba aliporudi kutoka makaburini alichuchumaa mbele yangu.

"Vingapi, Mishi?"

Nikalia, nikakiri. "Viwili. Mwanzo mwanzo. Halafu alitulia mpaka mwisho."

"Una hakika ni viwili?"

Nikamwapia. Akanipangusa uso kwa kiganja.

"Basi nilipiga vizuri," alisema.

Hakuipuliza zumari tena. Aliifunga kwa kile kipande cha kanga, akaiweka juu ya kabati, na bendi ikafa polepole. Nilidhani ni huzuni. Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba Babu yangu alikufa ameridhika.

Mwaka huu Okelo, ambaye naye sasa ni mzee, alinitumia kwenye simu rekodi ya kipindi kile. Niliisikiliza peke yangu, na bila kukusudia nikaweka mkono juu ya goti. Pumzi ikakatika, gitaa likaifunika. Ikakatika tena. Kisha ikakatika mara ya tatu, na ya nne, wazi kabisa, hata sikio langu likasikia.

Baba alijua. Hakuna mpigaji asiyejua mahali pumzi ilipomkatikia. Nilipomwambia kwa simu kwamba Babu amesema hakukata pumzi, alidhani mzee amemstahi mbele za watu, amemsamehe na gitaa lake. Alikaa na msamaha ule kwa muda wa wimbo mmoja na safari ya kurudi nyumbani. Nilipomwambia viwili, akajua kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Akajua pia ni mahali gani pa wimbo Babu alipofia: baada ya pumzi ya pili, kabla ya ya tatu, naye akipuliza.

Nami nilikuwa nimesimama pale na machozi usoni, nikisubiri aniambie nimehesabu sawa. Akaniambia alipiga vizuri.