Sufuria ya Wageni na Kiwanja cha Ndege cha Tambarare

Sisi tuliokulia mlimani kabla nguzo za umeme hazijapanda kufika kwetu, tuliamshwa na pembe. Ilipulizwa alfajiri karibu na kanisa, na kila nyumba ikajua kwamba siku hiyo kuna msaragambo, yaani kazi ya wote isiyo na ujira. Mfereji umeziba, au daraja limebebwa na maji, au darasa linahitaji mawe. Kila nyumba itoe mtu. Mtoto wa leo akiamshwa saa hizo hudai kwanza kuelezwa sababu, kisha huuliza kama huko anakopelekwa kuna mtandao. Sisi tulinawa uso kwa maji ya mfereji, yenye baridi ya theluji iliyoyazaa, tukachomoa ndizi kutoka kwenye jivu la jikoni, na tukala huku tunateremka.

Katika mwaka ule wa vita ya mpakani sukari ilitoweka madukani, chai tukainywa kwa kutafuna muwa. Shuleni tulikimbia mchakamchaka kwa nyimbo za kumtisha adui ambaye hatukuwahi kumwona. Mwalimu alikuwa na redio pekee kati ya jirani zetu wote, na betri zake zilianikwa juani pamoja na kahawa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Ndipo pembe ilipopulizwa kwa kazi ambayo hata wazee wetu hawakuwahi kuifanya: kujenga kiwanja cha ndege.

Askari wa nchi rafiki, jirani zetu wa kusini, walikuwa wamekuja kupigana bega kwa bega na wetu. Serikali ilitaka mahali pa kutua ndege ndogo za kuwaleta majeruhi wao, na kambi ya kuwapumzisha waliokuwa wanapona, kwa kuwa uwanja mkubwa ulikuwa umelemewa na shughuli za vita. Kwetu kila familia ilikuwa na kihamba cha migomba na kahawa huku juu, na kipande cha mahindi kule tambarare, chini ya mji mdogo wa Kwa Sadala. Kihamba kilitupa mlo wa kila siku. Kipande cha chini ndicho kilichotuvusha wakati wa njaa. Familia kadhaa zilitoa vipande vyao vya chini, yetu ikiwamo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini yalipong'olewa.

Wanaume walichimba na kusawazisha. Wanawake walibeba mawe kichwani juu ya ngata za majani makavu ya mgomba. Sisi watoto tulivunja kokoto kwa nyundo hadi viganja vikaota sugu, na tulipochoka tulinyoosha mikono kama mabawa, tukatua na kuruka vumbini mpaka mwalimu alipotushusha kwa fimbo. Ardhi ilishindiliwa kwa pipa lililojazwa zege, likavutwa kwa kamba na wanaume waliokuwa wakiimba. Mchana tulikula makande yenye harufu ya moshi. Sijapata kula makande mengine yanayofanana nayo, na nimeyatafuta.

Sheria ya msaragambo ilikuwa fupi. Asiyefika, na si mgonjwa, chombo chake cha kupikia huchukuliwa na kuwekwa kwa mwenyekiti wa kijiji hadi atakapokuja kufanya kazi. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mama yangu, aliyeitwa Mama Anaeli kwa jina la dada yangu mkubwa. Mapema kabisa alichukua chungu cha baba mdogo, ambaye alidai anaumwa mgongo ilhali jana yake alionekana sokoni amebeba gunia la viazi.

"Shemeji, sasa nitapikia nini?" baba mdogo akalalamika.

"Pikia kwenye huo mgongo," mama akamjibu.

Wageni wa kwanza walifika kwa malori kabla hatujamaliza. Walipiga mahema kando ya kiwanja, wakafua nguo, wakacheza karata, na wakaimba nyimbo nzuri kwa lugha tusiyoijua. Sisi watoto tuliwapenda, kwa kuwa walitugawia biskuti ngumu kama vigae. Tuliona waliofungwa bandeji, na hao hakuna aliyewalaumu. Lakini wengi wao walikuwa vijana wazima, walinzi na wapishi wa kambi, na kadiri siku zilivyopita wanaume wetu walianza kuwatazama kwa jicho jingine.

"Mama Anaeli," baba mdogo alisema, kwa raha ya mtu aliyepata hoja, "mbona sheria yako inakata huku kwetu tu?"

Kesho yake watu walipungua. Siku iliyofuata pipa lilikosa watu wa kulivuta. Mawingu ya masika yalikwisha kukifunika kilele cha Kibo, na kila mtu alijua maana yake: mvua ikinyesha juu ya udongo usioshindiliwa, kiwanja kingegeuka tope. Ndege isingetua, na mahindi yetu yangekuwa yameng'olewa bure.

Mchana huo mama alijitwisha ngata yake, akaingia kambini na wanawake wawili, nasi watoto tukamfuata kwa mbali. Alisubiri hadi askari wa mwisho alipopakuliwa ugali, maana hakuwa mtu wa kuharibu chakula. Kisha akainyanyua sufuria yao, kubwa kiasi cha kuniogeshea mimi.

"Mama, sufuria yetu unaipeleka wapi?" mpishi wao akauliza kwa Kiswahili, ambacho wengi wao walikijua kidogo.

"Kwa mwenyekiti. Mtaifuata mkishakuja kazini."

"Lakini sisi ni wageni wenu."

"Wageni mlikuwa mlipofika. Sasa ni watu wa hapa."

Mwenyekiti alikuwa meku, yaani mzee, mwenye moyo mwema na woga mwingi. Alipoiona sufuria mlangoni pake alishika kichwa.

"Mama Anaeli, unataka kutuingiza vitani na marafiki zetu? Hawa wana bunduki."

"Bunduki haipiki ugali, meku."

"Kesho utajibu wilayani. Mimi simo."

Nyumbani, baba alikula nusu ya ndizi yake, akaiweka. "Wakikupeleka huko wilayani," alimwambia mama taratibu, "sitaweza kukutoa."

"Ukishindwa kunitoa, niletee chakula," mama akasema. Kisha akamenya ndizi nyingi kuliko tulizoweza kula.

Kabla jua halijazama, kamanda wa wageni alipanda hadi kwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi kidogo masikioni. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika pale, kikijifanya kinapita. Akauliza ni nani aliyechukua sufuria. Mama akatoka mbele.

"Shikamoo, mkubwa. Ni mimi."

"Marahaba. Kwenu asiyefanya kazi huchukuliwa sufuria?"

"Ndiyo. Hata shemeji yangu nimemchukulia."

Kamanda akaitazama sufuria, kisha akamtazama mama. "Kwetu sisi," akasema hatimaye, "huchukuliwa mbuzi."

"Ningemchukua," mama akasema, "ila hamna."

Aliyeanza kucheka ni kamanda mwenyewe. Pembe ilipolia alfajiri, askari wale walikuwa wamekwisha kufika kiwanjani, mashati yamevuliwa, wameshika kamba za pipa, na baba mdogo alikuwa kati yao akilalamikia mgongo wake kwa sauti ya furaha. Mchana sufuria ilirudi kambini. Mama aliisugua kwa mchanga hadi ikang'aa, akaijaza mtori, supu yetu nzito ya ndizi, kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ndege ya kwanza ilitua siku chache kabla ya mvua. Majeruhi walipokuwa wakishushwa, mwenyekiti alivua kofia yake.

Tangu wakati ule nimesoma mengi juu ya urafiki wa mataifa, na mengi yameandikwa kwa kalamu nzuri kuliko yangu. Bado naona kwamba mama aliuelewa vema. Aliwaheshimu wageni wale kwa kuwahesabu miongoni mwa watu wanaotazamiwa kazini. Anayesamehewa kila wajibu huwa amewekwa nje, hata akikaribishwa kiti cha mbele.

Pale mahali hapakuota mahindi tena, kwa jinsi tulivyopashindilia. Leo pana shule, na watoto wa familia zilizotoa ardhi ndio waliokuwa wa kwanza kusoma pale. Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani, kama Wachagga wote, nikakuta barabara imekatwa na mvua na msaragambo umeitishwa kwa simu. Vijana walifika wamechelewa, wamevaa glovu, na walijipiga picha na kila jiwe kabla ya kulinyanyua. Enzi zetu tungewacheka mpaka wakimbie. Mwenye gari kubwa kutoka Dar alileta kibarua wa kufanya kazi badala yake, lakini msimamizi, binti mwembamba mwenye simu mkononi, alimkatalia.

"Huyu atafanya ya kwake, kaka. Ya kwako nani atafanya?"

Yule bwana alimtazama, akatazama viatu vyake vya bei, akavivua. Pembe hatuna tena, na sauti yake naikosa kila alfajiri niwapo kijijini. Ila watu walikuja, na hakuna aliyeachwa akae pembeni.