Mke Mwenza wa Farasi Kumi na Tano

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili hunichekesha mpaka leo. Juzi ilinifikia Shimanzi, nikacheka peke yangu garini.

Baba alikuwa amenunua mashua ndogo ya alumini, ambayo mama aliiita sufuria. Ikabaki kutafuta mashini ya kuisukuma. Moyo wa baba ulikuwa kwa ile ya nguvu za farasi arubaini, apae majini. Mwenye duka, Mhindi mmoja wa Makadara, akamtahadharisha: "Hiyo ina uzito wa mtu mzima. Ya kumi na tano ni kama huyu binti yako."

Baba hakusadiki. Mama akasema, "Basi twende tukaone. Mtu mzima ni mimi, na binti huyu hapa."

Tuliposhuka majini, mama alikunja buibui lake, akaingia mashuani, akaketi nyuma kabisa, pale mashini inapofungwa. Maji yakapanda ukingo polepole, yakamkalia mapajani.

"Kumbe mimi mzito hivi?"

"Si wewe mzito," baba akasema, akimpa mkono ashuke. "Sufuria ndiyo nyepesi."

Wakayachota maji, wakaniketisha mimi pale pale. Mashua haikushtuka.

Ikanunuliwa ya kumi na tano. Mama akaiita mke mwenza, kwa kuwa imechukua mahali pake. Kila baba aliporudi kutoka baharini, mama alimnusa kola, akakunja uso.

"Leo tena ulikuwa kwa mwenzangu?"

Na baba, badala ya kwenda kuoga, humsogezea kola anuse tena.