Uzi wa Kiunoni mwa Hamisi

Nilipokuwa mtoto, wa umri wa kutumwa maji lakini bado si wa kuulizwa neno, tulikaa Mahurunga kwa bibi yetu mzaa mama. Mama alikuwa amekwisha fariki. Nyumbani tulikuwa Bibi, dada yangu Somoe, mimi, na Hamisi, mtoto wa kwanza wa Somoe, aliyezaliwa wakati wa baridi ya kipupwe. Mume wa Somoe, shemeji Issa, alikuwa amehamia kwetu, maana kwa watu wetu mwanamume ndiye anayemfuata mke. Msimu wa korosho ulipoanza akaenda Mtwara mjini kubeba magunia bandarini, nasi tukawa tunamngoja.

Hamisi alikuwa mtoto mpole. Alinyonya, akalala, akaamka akatazama makuti ya paa kama mtu anayesoma. Kiunoni alivaa uzi wa shanga nyeusi na nyeupe, aliofungwa na Bibi mwenyewe siku alipotolewa nje mara ya kwanza. Uzi ule ulimkinga na macho ya watu, na tena ulimpima, kwa kuwa mizani hatukuwa nayo. Ukikaza, mtoto ananenepa. Ukilegea ukateremka mapajani, kuna jambo. Kila mwanamke wa Mahurunga alijua kuusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma hadi leo.

Basi asubuhi moja mtoto akabadilika. Alinyonya, akaachia, akalia, akataka tena. Somoe hakuweza kumaliza hata kumenya muhogo wa mchana.

"Huyu ananimaliza," aliniambia akicheka, kisu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili.

Kesho yake hakucheka. Aliyabonyeza matiti akayakuta yamelegea, akadhani maziwa yamekauka. Bibi akampikia uji, akaunywa wote, na mtoto bado alilia.

Jirani yetu Mama Asumini alikuja kuazima mtwangio. Alikuwa mwanamke wa mzaha, mwepesi wa kusaidia na mwepesi wa kusema.

"Huyo vipi, Somoe? Tangu alfajiri anapiga kelele kama mbuzi wa sadaka."

"Njaa tu, Mama Asumini."

"Njaa, na yuko titini?" Akageuka akamtazama Bibi, hakumtazama Somoe. "Na baba yake hayupo."

Akachukua mtwangio akaenda zake. Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Kwetu iliaminika kwamba mama anayenyonyesha akitembea na mwanamume mwingine, maziwa yake huharibika na mtoto hudhoofika. Mtoto huyo husemwa amebemendwa. Atalia, atanyonya asishibe, mwisho ataisha kama mshumaa, asipotibiwa. Na dawa ya watoto wa namna hiyo, kutoka kwetu hadi Kilambo, alikuwa nayo Bibi. Wanawake walimjia na watoto wao, naye aliwapokea bila kuwakaripia. Alikuwa na sharti moja tu: kabla dawa haijatoka kwenye chungu, mama ataje jina la huyo mwanamume, mbele ya wanawake wenzake. Bila jina, dawa haifanyi kazi.

Alasiri ile walikaa uani kwetu, Bibi, Mama Asumini na shangazi mmoja wa jirani. Mizizi ilikuwa ikichemka. Somoe alikaa mkekani amenyoosha miguu, Hamisi kifuani.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "sikuulizi ili nikupige. Nakuuliza ili mtoto apone. Nani?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Bila jina, hii ni maji ya moto."

"Taja, mwenzetu," Mama Asumini akasema. "Nani hapa ameumbwa kwa jiwe?"

"Hakuna."

Hamisi akaachia titi, akalia kilio kile cha kukauka koo. Somoe alitazama chungu, akamtazama mtoto, akatazama tena chungu. Nilimwona akikata shauri. Nimewaona watu wengi wakikata shauri tangu siku ile, na bado uso wake ndio unaonijia.

"Mateusi," akasema.

"Mateusi wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Wale wanaovuka. Alipita hapa."

Miaka ile kulikuwa na vita ng'ambo ya mto Ruvuma, na watu walivuka kwenye kivuko cha Kilambo na mafurushi yao wakapita vijijini mwetu wakielekea mbele. Mmoja kweli alipita uani kwetu, mguu umefungwa kitambaa. Alikunywa maji amesimama, akashukuru, akaondoka. Jina hakutaja.

"Lakini Bibi," nikasema, "maji nilimpa mimi. Dada alikuwa ndani ana..."

"Zuhura, nyamaza."

Aliyeninyamazisha alikuwa Somoe. Alisema kwa upole, kama anayeniomba. "Usiharibu dawa."

Bibi akaipua chungu. Mtoto alioshwa, akalambishwa kidogo kwa ncha ya kidole. Na yaliyofuata ndiyo yaliyokwama rohoni mwetu miaka yote: haikupita muda, Hamisi akatulia. Alinyonya kama zamani, akalala usingizi mrefu, akaamka akayatazama makuti yake. Bibi alisifiwa. Mama Asumini alitoka nyumba hadi nyumba akisifu dawa, na ukiisifu dawa huna budi kueleza ugonjwa.

Kisimani wasichana wakanipokea.

"Zuhura, shemeji yako mpya anasema Kireno?"

"Mwambie atufundishe basi na sisi, tukiolewa na watu wa huko tusipate shida."

Walicheka hadi maji yakamwagika. Nilijua dada yangu hakufanya lolote, nilikuwapo, na bado nilimwonea aibu. Nilitazama ndani ya ndoo yangu mpaka ikajaa.

Siku chache tu baada ya dawa, Bibi alikuwa akimwogesha Hamisi juu ya miguu yake, kama wazee wetu wanavyoogesha. Alipofika kiunoni alisita. Uzi ulikuwa umezama chini ya kitumbo, nyama imeufunika. Alijaribu kupitisha kidole, kikakataa. Akaniambia nilete wembe. Alipoukata, shanga zilitawanyika mkekani, nami nikazikusanya. Bibi akauchukua uzi mtupu, akauzungusha tena kiunoni mwa mtoto, ncha hazikukutana. Alikaa ameushika hivyo kitambo, maji yakimpoa mtoto mgongoni.

Mtoto aliyebemendwa uzi humwanguka magotini. Hata mimi nilijua, na unene ule haukuwa wa siku mbili tatu.

"Amenenepa," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi," Somoe akajibu.

 Bibi alitafuta uzi mrefu zaidi akaanza kutunga shanga upya. Kwa Mama Asumini hakwenda kusema alichokiona.

Issa alirudi msimu ulipokwisha. Alileta doti ya kanga na sabuni, akaviweka mkekani bila kukaa. Habari zilikwisha kumfikia huko huko.

"Ulitaja jina?" alimwuliza Somoe.

"Nilitaja."

Hakuuliza kama ni kweli. Mtu haanzi kuuliza hilo mahali ambapo kila mtu ameona mtoto amepona. Alikunja mashati yake, akachukua panga lake, na siku ile ile akatoa talaka mbele ya wazee. Bibi alikuwa ndani, mlango wazi. Nilimwona akifungua kinywa, akakifunga.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia Bibi kwa kinywa kile. Sasa nina umri unaokaribia wake wa siku zile, nami namwelewa kiasi kile kile nilichomkasirikia. Alikuwa amewatibu watoto wengi, na kila mtoto na jina lake. Kama jina la Somoe lilikuwa la uongo, mangapi mengine yalikuwa hivyo hivyo? Ni nyumba ngapi zilizovunjika bure? Nadhani ndilo swali lililomfunga kinywa. Ninachojua ni kwamba hakupika dawa ile tena. Wanawake wakija na watoto, alisema, "Macho yangu yamechoka, wajukuu zangu. Nendeni kwa mwingine." Na Somoe akija kula, alimmegea nyama ya kwanza, bila kumtazama.

Nilipoolewa, desturi ya zamani ikiwa imelegea, nilimfuata mume wangu Likombe, Mtwara mjini. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miezi kama ile ya Hamisi, alianza kunyonya bila kuacha, asubuhi hadi jioni, akilia katikati. Muuguzi wa kliniki aliniambia ndivyo watoto wanavyofanya wanapokua ghafla: hunyonya sana ili maziwa yaongezeke, yakiongezeka wanatulia. Nilimsikia, lakini bado niliogopa. Somoe alikuwa amekuja kunisaidia. Lile neno la kubemendwa sikuthubutu kulitaja mbele yake.

Alimchukua mtoto, akamlaza mapajani, akapitisha kidole chini ya uzi wa kiunoni. Kidole hakikupita. Akaulegeza, akafunga upya, akanirudishia.

"Anakua," alisema. "Mpe."

Nilimpa. Kisha nikamwuliza nililotaka kumwuliza tangu utoto.

"Ulijua lini, dada, kwamba Hamisi alikuwa anakua tu?"

"Siku Bibi alipokata uzi. Kabla ya hapo na mimi niliogopa kama nyinyi. Nilifikiri labda kuna kitu nimefanya sikijui."

"Na Mateusi?"

"Jina lilinijia tu." Alikuwa akikunja nguo za mtoto, akaacha. "Huwa namwombea yule mtu. Alikuja kuomba maji, na mguu mbovu, nikambebesha jambo ambalo hata hakulijua. Naona haya, Zuhura, kila nikimkumbuka."

 Bibi alikuwa amefariki, Mama Asumini alikuwa amefariki, na Issa alikuwa na watoto wengine Mikindani. Tulikuwa wengi tuliopaswa kuona haya kwa ajili ya mambo ya mwaka ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutamka 'naona haya' mbele ya dada yangu. Mtoto akaachia titi, akalia. Somoe akanisaidia kumgeuza upande wa pili.