Diski Niliyoizika Katika Mukebe wa Maziwa

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Hapo ndipo shida ilianza. Moto wa volkano ulishuka katikati ya muji wetu, ukafunika kibanda changu cha kutengeneza radio. Tulikimbia: mimi na chuma changu cha kulehemu mufukoni mwa koti, binti yangu wa mwisho na sufuria ya maharagi kichwani. Alikuwa na miaka kumi. Hata haragi moja halikuanguka.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya primere, basi. Sioni haya. Wenye diplome ndio wananiletea mashine zao zilizokufa. Tulijenga katika mutaa wa Mabanga, nyumba ya mbao juu ya mawe yaleyale ya volkano yaliyotufukuza. Watu walipoacha kutengenezesha radio, nilijifunza ordinateri, ndizo kompyuta, kwa kuzifungua, kisha nikaanza kuwachapia watu barua. Programu zangu zilikuwa za wizi, niseme ukweli. Kila mutu alinakili kwa mwenzake, na kila mara mashine ilisimama ikidai ufunguo, ao virusi vilikula kazi ya mutu.

Binti yangu aliingia inivasite, kusomea uinjinia wa maji. Asubuhi moja akaja na flash.

"Papa, hii inaendesha mashine nzima. Hii ni ya kuandika. Hii ya kuchora mipango. Yote bure."

"Kitu cha bure kiko na mwenyewe anayejificha. Kesho atakuja kudai."

"Mwenyewe ameandika wazi, Papa: nakili, fungua ndani, badilisha, mupe mwingine."

"Kufungua ndani?"

"Ndiyo. Hata wewe."

Hapo alinikamata. Maisha yangu yote nimefungua vitu ambavyo walisema visifunguliwe.

Tukazitia ndani ya mashine zangu. Mashine ziliacha kudai ufunguo, na mimi nikavimba kichwa. Nikamuambia: "Usimupe mutu. Zaidi yule mujane wa mutaa wa Katindo." Mujane huyo alikuwa na nyumba ya kuchapia karibu na kambi ya waaskari, na wateja wangu walikuwa wanamukimbilia. Binti yangu akaniangalia vile unaangalia mbuzi aliyekataa kuvuka barabara.

Kisha rebelio, vita ya waasi, ikakaribia muji. Mimi ni mutu wa Rutshuru, na kwetu ukisikia bunduki unazika kitu cha maana. Mama yangu alizika masufuria, baba alizika majembe. Mimi nikatoa diski ndani ya mashine, ile yenye kazi ya mwisho ya masomo ya binti yangu: mupango wa kupitisha mabomba ya maji juu ya mawe ya Mabanga. Miaka miwili ya kuchora. Nikaifunga kitambaa, nikaitia katika mukebe wa maziwa ya unga, nikaizika nyuma ya jiko. Nilijisifu sana. Yeye sikumuuliza.

Bunduki ziliponyamaza, mashine zilikuwa zimeibwa. Nikacheka, nikachimba. Mukebe ulikuwa umejaa maji ya mvua.

Binti yangu alibakiza siku tano kusimama mbele ya walimu wake, kutetea kazi hiyo. Aliikamata ile diski, akaipangusa kwa kikwembe alichojifunga, polepole, kama anapangusa uso wa mutoto.

"Ulitaka kunichungia kazi yangu isipotee, Papa," akasema.

Afazali angenitukana.

Kisha akainamisha macho. "Usikasirike. Mujane nilimupa programu zote. Umeme ukikatika kwetu, nilikuwa ninachorea kwake. Mupango uko kule, kama mashine yake ilipona."

Nilivaa koti, nikaenda mwenyewe kwa mujane. Mashine ilipona: mujane aliificha ndani ya gunia la makala ya kupikia. Ilikuwa nyeusi kama sufuria, lakini nzima.

"Karibu, Muzee Usimupe-Mutu! Umekuja kuninyang'anya?"

"Nimekuja kuomba."

"Sema tena. Mabomu yaliniharibu masikio."

"Nimekuja kuomba, Mama."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Jirani akiomba kaa la moto, jiko lako linazimika? Mutoto wako ndiye alinifundisha hii programu. Ikaa, mubishi wewe."

Mupango ukafunguka bila kudai ufunguo wowote. Mabomba yote yalikuwa mahali pake, yakizunguka mawe, na moja linapita mbele ya mulango wetu. Sikujua binti yangu alikuwa amelichora hapo. Nikasema vumbi la makala linaniumiza macho.

Siku tano baadaye nilikaa kwa viti vya nyuma, ndani ya chumba cha inivasite. Kifaransa chao sikusikia hata nusu. Lakini niliona walimu wakitikisa kichwa kukubali, na nikaona binti yangu ananitafuta kwa macho.

Leo niko na hivi: nyumba ya mbao ya vyumba vitatu. Ordinateri mbili kuukuu. Chuma kilekile cha kulehemu, mushikio mupya. Koti. Mupango wa mabomba, umebandikwa ukutani. Mukebe mumoja wa maziwa, na diski iliyooza ndani. Zile programu sizihesabu kama mali yangu. Ukizitaka, kuja na flash yako.