Kufupisha Si Kupunguza

Nakumbuka mchana mmoja wa manyunyu kule Ijumbi, mwanangu, nilipomfuta mtoto kwa kalamu ya wino.

Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mwandiko mzuri, nami nilijua kuwa ni mzuri. Kwa sababu hiyo kila msiba niliitwa kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma kaburini. Na misiba ilikuwa mingi! Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, tukadhani tumepumua, kisha ukaja ugonjwa tuliouita silimu, kwa jinsi ulivyompunguza mtu mwili hadi nguo zikabaki zikimning'inia. Kuna siku tulizika wawili, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Wazee wakakubaliana matanga yapunguzwe siku, hotuba zifupishwe, hata nyimbo zikatwe beti. Usiwalaumu. Waliokuwa wakizika ndio hao hao waliopaswa kulima.

Siku hiyo tulimzika Mutalemwa, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akienda visiwani. Asubuhi mama yake, Bibi Koku, alinikalisha jikoni kwake akanisimulia maisha yote ya mwanawe, nami nikaandika. Mwishoni akasema, "Andika ameacha watoto watatu: wawili wa huyu mkwe wangu, na Kemi." Kemi alikuwa na miaka saba. Mama yake, mwanamke wa kisiwani, alikwishafariki, na Mutalemwa mwenyewe ndiye aliyemleta mtoto nyumbani akamkabidhi kwa bibi.

"Ila ufupishe, mwalimu," Bibi Koku akaongeza. "Watu wamechoka."

Nilipotoka nje, baba mdogo wa marehemu alinivuta pembeni. "Hayo ya visiwani yapunguze. Mjane atajisikiaje? Na huyo mtoto kesho atadai kibanja." Alimaanisha shamba la migomba la ukoo. Nilijua si haki. Lakini alikuwa mtu mzito pale kijijini, nami nilipenda kusifiwa na wakubwa. Nikapiga mstari juu ya jina la Kemi, na penye "watatu" nikaandika "wawili". Nikajiambia nimefupisha.

Kaburini nilisoma kwa sauti yangu nzuri. Mzee wa kanisa akaita, "Watoto wawili wa marehemu wasogee waweke udongo." Wakasogea. Kemi naye akasogea, udongo uko tayari mkononi. Mama mmoja akamshika bega akamrudisha nyuma. Mtoto hakulia. Alitutazama usoni mmoja mmoja, kama anayetafuta kosa lake.

Bibi Koku akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, nilikuomba nini?"

"Nifupishe, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Kufupisha ni kuondoa maneno. Wewe umeondoa mtu. Mwanangu silimu imekwisha kumpunguza. Nawe umekuja na kalamu yako kumpunguza tena?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile niliwaelewa. Nikafungua tena karatasi, nikasema, "Ndugu zangu, nimekosa. Marehemu ameacha watoto watatu," nikamtaja Kemi kwa jina lake lote. Na unajua nani aliyemshika mkono mtoto yule akampeleka kaburini? Mjane, yule yule niliyeambiwa nimwonee huruma. Baba mdogo aliondoka bila kuniaga, na kwa mwaka mzima hakunisalimia.

Ukoo ulipokaa kumaliza matanga, hakuna aliyethubutu kusema hamjui Kemi. Akabaki kwa bibi yake, akatengewa sehemu ya kibanja. Haikuwa kubwa, lakini ilimlisha. Kitanda hakizai haramu.

Mwaka uliofuata nilimkuta darasani kwangu. Siku moja aliniletea daftari nisahihishe, akauliza, "Mwalimu, siku ile jina langu lilikosa nafasi?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lingekuwa jibu fupi. Nikamwambia, "Hapana, Kemi. Nafasi ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekukata."

Akafikiri kidogo. "Lakini ulinirudisha," akasema, akachukua daftari lake akaenda kucheza.

Mwanangu, siku hizi nimestaafu, nakaa hapa Kibeta, nawaona mkifupisha kila kitu, salamu, barua, hata majina yenu. Sina ugomvi na hilo. Lakini kufupisha, kupunguza, kukata, kufuta, ni maneno yanayofanana sura tu, tabia zao mbalimbali. Kabla hujaondoa kitu, jiulize kama unaondoa neno au unaondoa haki ya mtu. Mkubwa akikushawishi, mheshimu, ila usimwachie kalamu yako. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu, usiende kumwomba radhi uani.

Mungu akuongezee siku, mwanangu. Akupe nyumba isiyomkana mtu, na watakaokutaja wakutaje mzima mzima, bila kukupunguza.